Nchi, Mto na Mipaka: Utawala wa Mkoa wa Kagera Tangu Enzi za Bakama

Sura nyingine za kitabu hiki zinaeleza habari za usharika uliokaa juu ya kilima kimoja kwa muda wa miaka 100. Sura hii inaeleza habari za serikali zilizopita juu ya kilima hicho. Usharika haukuhama, lakini anwani yake imehama mara nyingi. Wazee wa kwanza walibatizwa wakiwa raia wa Mukama wa Kiziba, chini ya bwana mkubwa wa Kiingereza aliyekaa Bukoba. Watoto wao waliandikwa kuwa watu wa Jimbo la Ziwa, kisha wa Ziwa Magharibi. Wajukuu wamekuwa watu wa Mkoa wa Kagera, Wilaya ya Bukoba, na tangu mwaka 2007 Wilaya ya Missenyi. Mgeni wetu kutoka dayosisi nyingine akiuliza, "Mko wapi hasa?", anastahili jibu lenye historia ndani yake.

Nitajitahidi kuonyesha jambo moja. Katika nchi hii, mipaka iliyochorwa na watu wasioijua ardhi imetugharimu sana. Tena, kila wakati madaraka yalipoondolewa karibu na wananchi na kupelekwa mbali, wananchi waliona hasara yake kwa macho, katika barabara, katika shule na katika zahanati. Hayo si maneno ya siasa. Ni habari inayosomeka katika ardhi yenyewe.

Nchi ilivyo

Mkoa wa Kagera uko pembeni kabisa mwa kaskazini-magharibi ya Tanzania. Kaskazini umepakana na Uganda, magharibi na Rwanda na Burundi, mashariki na Ziwa Viktoria, na kusini na mikoa ya Kigoma na Geita. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania unaopakana na nchi tatu za kigeni kwa ardhi. Eneo lake la nchi kavu ni takriban kilomita za mraba 25,000, na zaidi ya kilomita za mraba 10,000 ni maji ya ziwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,989,299. Miaka 10 kabla yake walikuwa 2,458,023.

Anayesafiri kutoka ufukweni kuelekea magharibi hupanda na kushuka. Ziwa lenyewe liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi huinuka ghafla kwa magenge ya mawe, kisha huja safu ya kilima, kisha bonde lenye maji, kisha safu nyingine, nazo zote zimelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Mvua huletwa na ziwa. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachowashangaza wageni kutoka Dodoma. Ukivuka safu mbili tatu kuelekea Karagwe mvua hupungua hata kufikia nusu yake, na nyanda za ng'ombe huanza. Ngara ni milima tena, yenye baridi na maharage mazuri. Biharamulo ni misitu ya miti mikavu na ardhi tambarare zaidi, na mazao yake yanafanana na ya Usukuma kuliko ya Uhaya.

Wageni wengi wakiona migomba mizito ya pwani ya ziwa hudhani kwamba Mungu alitupa udongo wenye rutuba. Wataalamu wa kilimo wanasema vingine. Udongo wetu umetokana na mawe ya mchanga, nao umesuguliwa na mvua nyingi, hivyo kwa asili ni udongo dhaifu. Ukitaka ushahidi angalia rweya, yaani nyika ya nyasi iliyo kati ya kijiji na kijiji. Ardhi ni ileile, lakini haioti chochote cha maana. Kibanja kina rutuba kwa sababu vizazi vilibeba samadi, majani na nyasi kutoka rweya na kuvirundika chini ya migomba, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kibanja ni kazi ya mikono ya marehemu, na ndiyo maana Mhaya huzikwa humo. Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu bila kulielewa, historia ya utawala wa nchi hii haieleweki. Watu waliokwisha kuwekeza jasho la mababu katika ekari mbili hawahamishiki kwa amri. Anayetawala kibanja anatawala uhai wao.

Mto uliotoa jina la mkoa una tabia yake. Maji yake yanatoka milima ya Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu ukitokea Burundi hukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kutoka hapo Kagera huelekea kaskazini ukiwa mpaka wetu na Rwanda. Kisha hugeuka mashariki, huingia ndani ya ardhi yetu, hupita Kyaka kwa utulivu mkubwa, na mwisho huvuka tena mpaka na kuingia ziwani upande wa Uganda. Mto unaoitwa jina la mkoa wetu unamwagia maji nje ya mkoa wetu! Msomaji alishike hilo, maana tutalirudia tutakapofika mwaka 1978.

Bakama na Wajerumani

Kabla ya ukoloni nchi hii haikuwa na serikali moja. Zilikuwako himaya za Kiziba, Bugabo, Kyamtwara, Maruku, Kianja, Ihangiro, Missenyi na Karagwe. Kusini yake walikuwako watawala wa Rusubi katika Biharamulo, na wale wa Bushubi na Bugufi katika Ngara. Karagwe ndiyo iliyojulikana mapema kwa wageni wa mbali. Mwaka 1861 Speke na Grant walikaribishwa na Mukama Rumanyika, na habari zake zikasomwa Ulaya wakati watu wa huko walikuwa hawajasikia jina la Bukoba. Kwa hakika mji wa Bukoba ulikuwa bado haujakuwako.

Mukama alikuwa na kikale chake, katikiro wake na wasimamizi wake wa vijiji. Ardhi ilihesabiwa kuwa yake. Ndipo ulipotokea utaratibu wa nyarubanja, ambao kwa huo vibanja vya ukoo fulani viliwekwa chini ya mlangira au mtu aliyependelewa, na wenye kuvilima wakawa watwana wake, wakimpelekea sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi. Kahawa nayo, ambayo tulikuwa tukiitafuna tu na kuitumia katika undugu wa kuchanjiana, haikupandwa ovyo. Mukama ndiye aliyeruhusu.

Mwezi Julai mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi. Magharibi ya ziwa walikubaliana mpaka uwe mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Hakuna aliyeuona mstari huo, maana haupo juu ya ardhi. Haufuati mto, kilima wala ukoo. Miezi michache baadaye Emin Pasha, Mjerumani aliyeitwa kwa jina la kuzaliwa Eduard Schnitzer, alifika ufukweni na kuanzisha kituo cha Bukoba.

Wajerumani walikuta Bakama wengi na askari wao wakiwa wachache. Wakachagua njia ya kutawala kupitia Bakama hao. Mwaka 1906 Bukoba ilifanywa eneo la utawala wa namna ya pekee, sawa na Rwanda na Urundi, ambamo mfalme aliachwa kwenye kiti chake na Mjerumani akakaa kama mshauri mwenye bunduki. Bakama waliojua kusoma majira walifaidika. Kahigi wa Kianja aliongeza nchi yake kwa urafiki na Bukoba kuliko ambavyo angeiongeza kwa mkuki, na hao waliochelewa kupatana na wageni walipungukiwa. Hapo ndipo Mukama alipoanza kuwa mtumishi wa mtu mwingine mbele ya watu wake. Wazee walilitambua upesi.

Mwezi Juni mwaka 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakaupiga mji wa Bukoba, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo, wakaondoka. Mwaka uliofuata walirudi na kukaa.

Gombolola, lukiko na karatasi

Vita vilipokwisha Waingereza na Wabelgiji walikaa kugawana mali ya Mjerumani. Kwa mapatano ya mwaka 1919 Uingereza ilijitengea ukanda wa Gisaka, mashariki ya Rwanda, ikiwazia njia ya reli. Rwanda ikalalamika, na wamisionari wa huko wakalalamika pamoja nayo, hata ukanda huo ukarudishwa miaka michache baadaye. Bugufi haikurudishwa. Ilikuwa imehesabiwa katika nchi ya mfalme wa Urundi, ikabaki Tanganyika. Ndiyo maana ndugu zetu Wahangaza wa Ngara wanasikilizana na Warundi bila mkalimani, ilhali akija Bukoba inambidi Mhangaza atumie Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuishi pamoja katika mkoa huu kabla hakijawa lugha ya taifa.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alitunga sheria ya mamlaka za wenyeji. Katika Uhaya sheria hiyo ilikuta mambo yako tayari. Muundo ulioimarika hapa uliiga sana Buganda, hata kwa majina. Mukama alikuwa juu, chini yake mwami wa gombolola, na chini yake mukungu wa kijiji. Baraza na mahakama viliitwa lukiko. Palikuwa na hazina ya wenyeji, makarani, na daftari la kodi. Wazee waliolelewa katika enzi hizo walikuwa na heshima ya pekee kwa karatasi yenye muhuri, na ukitaka kujua kwa nini kumbukumbu za usharika wetu zimehifadhika vizuri, sababu mojawapo ni hiyo. Wengi wa wazee wa kanisa wa miaka ile walikuwa wamepitia ukarani wa gombolola.

Lakini tusipambe enzi hizo kupita kiasi. Mukama wa zamani aliweza kukimbiwa. Watu wakimchoka walihamia kwa jirani yake, na hofu hiyo ilimfanya awe na kiasi. Mukama wa Mwingereza hakukimbiwa, kwa sababu huko walikokimbilia palikuwa na daftari lilelile la kodi. Alilipwa mshahara, na aliyempa mshahara ndiye aliyemsikiliza. Vijana waliosoma walianza kusema. Mwaka 1924 makarani na wafanyabiashara waliunda Bukoba Bahaya Union, mojawapo ya vyama vya kwanza vya namna hiyo katika Tanganyika, wakadai shule, biashara ya haki na sauti katika utawala. Mwaka 1937 serikali ilitoa kanuni za kutunza mashamba ya kahawa, na Bakama wakatumwa kuzisimamia. Wakulima walikataa, pakatokea ghasia, watu wakafungwa. Kanuni zenyewe hazikuwa mbaya zote. Kufunika udongo kwa majani tulikujua kabla ya Mwingereza. Kilichokataliwa ni kuamriwa juu ya kibanja chako na mtu asiyejibu kwako.

Nguvu hizo baadaye zilipata njia yenye manufaa zaidi katika ushirika wa wakulima. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliandikishwa, na fedha ya kahawa ikajenga shule na kusomesha vijana ambao wengine wao waliongoza taifa na Kanisa.

Kwa upande wa ngazi za juu, Bukoba iliwahi kuwa jimbo lake yenyewe, kisha ikaunganishwa na Mwanza katika Jimbo la Ziwa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatengwa tena kuwa Ziwa Magharibi. Jina hilo lilionyesha mtazamo wa mtu aliyesimama Mwanza. Kwetu sisi ziwa liko mashariki.

Kuondolewa kwa Bakama na kuondolewa kwa halmashauri

Baada ya Uhuru mabadiliko yalikuja kwa haraka. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu nchini kote. Bakama wakawa raia, wengine wakapewa kazi serikalini, wengine wakarudi kwenye vibanja vyao. Mwaka 1965 sheria nyingine ilianza kuwafungua watwana wa nyarubanja ili wawe na haki juu ya ardhi waliyoilima. Kwa familia nyingi za sharika zetu hilo la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Bendera ilipandishwa mwaka 1961, lakini mtwana alijiona huru siku alipoacha kupeleka ndizi kwa bwana wake.

Mahali pa Bakama palishikwa na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa. Zilikuwa changa, na kwa kweli nyingine zilishindwa na mahesabu. Serikali, badala ya kuzifundisha, iliamua kuziondoa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na kazi zao zikashikwa na maofisa walioteuliwa na serikali kuu. Mpango huo uliitwa madaraka mikoani. Jina lilikuwa zuri. Kwa maoni yangu mambo yalikwenda kinyume cha jina, kwa maana madaraka yaliyofika mkoani yalikuwa ya maofisa, na diwani aliyeweza kusimamishwa njiani na mama mwenye malalamiko hakuwako tena. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Ndani ya miaka minne mkulima wa Ziwa Magharibi alipoteza vyombo viwili alivyokuwa amezoea kuvikaripia.

Kuhusu vijiji, operesheni ya miaka ya 1970 haikutuhamisha sana katika Uhaya, kwa sababu tulikuwa tunakaa vibanja kwa vibanja tangu zamani. Mistari ilichorwa tu juu ya makazi yaliyokuwako, na kijiji kikapewa mwenyekiti na mhuri. Katika sehemu za Biharamulo na Karagwe wako waliohamishwa kweli, na si wote walioisahau siku hiyo.

Mwaka 1978

Sasa turudi kwenye ule mstari wa digrii 1. Kwa kuwa mto Kagera hupita kusini ya mstari huo kwa sehemu kubwa ya safari yake kutoka magharibi, ilibaki pembe ya ardhi yetu iliyo ng'ambo ya mto, kati ya maji na mpaka. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 1,800. Humo mna Mutukula, msitu wa Minziro na nyanda za malisho za Missenyi. Kwa mujibu wa sheria ni Tanzania bila shaka yoyote. Kwa mujibu wa ardhi, mtu aliyeko Mutukula hahitaji daraja ili afike Masaka, lakini anahitaji daraja ili afike Bukoba. Mchoraji wa mwaka 1890 hakuliona hilo, au aliliona na hakujali.

Idi Amin aliliona. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuenea hadi kingo za mto, na tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Kagera ni mali ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Mamia ya raia waliuawa au kuchukuliwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, nyumba na kiwanda cha sukari viliporwa. Magofu ya kanisa la Kyaka yaliachwa yasimame, na anayepita njia ya Mutukula huyaona hadi leo. Jeshi letu liliwarudisha wavamizi kabla mwaka haujaisha, na tarehe 11 Aprili 1979 likaingia Kampala. Askari wetu waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, ambako kila mwaka maua huwekwa.

Vita vilipokwisha, mwaka uleule wa 1979, mkoa uliacha jina la Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Jina la mto uliogombaniwa likawa jina la wote, hata la mtu wa Ngara au Biharamulo ambaye hakuusikia mzinga hata mmoja. Naona jina hilo lilichaguliwa vema. Katika mwaka huohuo Kanisa letu nalo liligawa eneo lake, Karagwe ikawa dayosisi inayojitegemea, maana umbali kutoka Bukoba ulikuwa umelemea watumishi.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Wakimbizi wa vita walirudi mwaka 1979 katika vijiji vilivyochomwa, na hapakuwa na halmashauri ya kuwapokea. Miaka saba ilikuwa imepita tangu zifutwe. Zahanati, madaraja madogo na visima vilingoja fedha na ruhusa kutoka mbali, katika nchi iliyokwisha kufilisiwa na vita hivyo hivyo. Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani Kagera. Wengi wetu tuliokuwa vijana wakati ule tulizika rika letu. Yatima walibaki na bibi zao katika vibanja visivyo na wa kuvirundikia samadi, na migomba ikaanza kuonyesha ule udhaifu wa udongo nilioutaja mwanzoni.

Kurudi kwa halmashauri

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zilianza kazi mwaka 1984. Katiba ya nchi, kwa ibara za 145 na 146, inatambua vyombo hivyo na kueleza kwamba shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tangu mwaka 1998 serikali ilitangaza sera ya ugatuaji ili maneno hayo yapate mwili.

Kwa kuwa wageni wetu na hata baadhi ya wazee wa kanisa huchanganya vyeo katika kuandika barua za mwaliko, nieleze kwa kifupi. Iko mikono miwili. Mkono wa kwanza ni serikali kuu, wenye Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala wake, Mkuu wa Wilaya, na Katibu Tarafa. Hao huteuliwa. Mkono wa pili ni serikali za mitaa: kitongoji, kijiji, kata, na halmashauri ya wilaya. Mijini kitongoji na kijiji havipo, upo mtaa. Mwenyekiti wa kijiji na diwani huchaguliwa kwa kura, na madiwani humchagua mwenyekiti wa halmashauri au, katika manispaa, meya. Mkurugenzi Mtendaji, aliye mtumishi mkuu wa halmashauri, huteuliwa na Rais. Hapo ndipo kuna ugumu wake. Madiwani wanampangia kazi mtu ambaye hawakumwajiri na hawawezi kumwachisha.

Mkoa una wilaya saba na halmashauri nane: Manispaa ya Bukoba, na halmashauri za Bukoba, Missenyi, Muleba, Karagwe, Kyerwa, Ngara na Biharamulo. Missenyi ilizaliwa kutoka Bukoba, na Kyerwa ilizaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka huohuo Chato, iliyokuwa imetengwa na Biharamulo, ilihamishiwa mkoa mpya wa Geita. Kugawa wilaya kuna gharama, na wako wanaonung'unika kwamba tunazidisha ofisi na magari. Mimi sinung'uniki. Mtu wa Minziro aliyekuwa akilala njiani ili afike ofisi za wilaya mjini Bukoba sasa huenda Bunazi, karibu na Kyaka, na kurudi siku ileile.

Halmashauri hizi zimepimwa na mambo ambayo hakuna halmashauri ya kawaida ingeyapenda. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara. Kambi za Benaco na jirani zake zikawa na watu kuwazidi wenyeji wa wilaya nzima, hadi waliporudi mwishoni mwa mwaka 1996. Misitu iliyokatwa wakati huo haijarudi yote. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, wengi wao wetu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19 kati ya 43. Waliofika kwanza kuwaokoa waliobaki walikuwa wavuvi wenye mitumbwi, sio chombo chochote cha mkoa wala cha taifa.

Rusumo penyewe pana habari njema pia. Maporomoko yale, ambayo mto uliyafanya kuwa mpaka wa kutenga, sasa yanazalisha megawati 80 za umeme zinazogawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mfuko wa halmashauri

Linalobaki ni fedha. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyorithi kodi ya kichwa ya mkoloni. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana wanaume walikuwa wakilala rweya kuwakimbia wakusanyaji. Lakini kodi ile ndiyo iliyokuwa fedha ya halmashauri wenyewe. Tangu hapo sehemu kubwa mno ya bajeti imekuwa ruzuku ya serikali kuu, nayo huja ikiwa imekwisha kupangiwa kazi. Halmashauri isiyo na chake hupungukiwa na neno lake pia. Mwananchi asiyechangia kitu naye hapati nguvu ya kwenda kumuuliza diwani fedha zimekwenda wapi.

Ushuru wa mazao ungeweza kujaza pengo, na katika wilaya zetu zao hilo ni kahawa. Hapa tunakutana na ule mstari wa mwaka 1890 kwa mara nyingine. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule huuza kahawa yake ikiwa bado ua mtini, kwa bei ya butura, ambayo ni kama kuitoa bure. Kahawa nyingine hungoja usiku na kuvuka kwenda Uganda, pale bei ya upande wa pili inapopendeza. Mto hauizuii, kwa sababu mahali pengi katika Missenyi, kama nilivyoeleza, mpaka hauko mtoni, uko katika nyasi. Hakuna aliyeuchora ardhini ila vigingi vichache, na wanaoishi kandokando wana shangazi na wajomba pande zote mbili. Serikali imejaribu askari, imejaribu kuwataka wakulima wauze kupitia vyama vya msingi na minada, na bei imepata nafuu kwa nyakati kadhaa. Hata hivyo kila gunia linalopita Mutukula kwa njia ya panya ni ushuru ambao halmashauri ya Missenyi haikuupata, na ni madawati au paa la zahanati ambavyo diwani wetu atalazimika kuviombea ruzuku mwaka ujao.